Sauti ya Kukodi

"Rudia," alisema Spika. "Hapo kwenye 'wageni' umehema."

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba chao cha kulala, mablanketi yametundikwa pande zote ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Joto la humo ndani lilikuwa la kuokea mikate. Jasho lilimtiririka shingoni, na hakuweza kujipepea kwa sababu maikrofoni ile ingenasa hata upepo wa kanga. Mumewe alikuwa amechutama mlangoni, sikio moja limefunikwa na kisikilizio, mkono uko kwenye kinasa sauti.

Zamani sauti ilikuwa ya mume mwenyewe. Alinunua kigari kikuukuu, akafunga honi nne juu ya paa, akazunguka mjini kutangaza misiba, chanjo, minada, mbuzi waliopotea na siku za kukatika maji. Ndiyo maana wakamwita Spika. Baada ya miaka ya kupigana na kelele za barabarani koo lake likafa, likabaki la kukwaruza, mtu wa hatua mbili hamsikii. Mkewe akashika maikrofoni kwa muda tu, wakidhani koo litapona. Halikupona, na watu wakaipenda sauti ya mama kuliko ya baba. Ilikuwa sauti tulivu, iliyonyooka, mtu akitangaziwa msiba nayo anaona angalau amefiwa kwa heshima.

Kanuni ya kazi yao ilikuwa moja: sisi ni bomba, maji ni ya mwenyewe. Wakitangaza harusi ya mtu asiyewasalimia, wanaitangaza vizuri. Kwa hiyo ilipokuja kura ya maoni, nchi ibaki kwenye Umoja wa nchi jirani au itoke, wao walichukua kazi ya pande zote mbili bila kuwaza. Asubuhi gari lilipita likisema tubaki, alasiri likapita likisema tutoke, kwa sauti ile ile na utamu ule ule. Watu walikuwa wanagombana kwenye vibaraza hadi ndugu hawasalimiani, lakini gari la Spika likipita walicheka. "Mama Spika, asubuhi unabaki, jioni unatoka, kulala unalala wapi?" Mwenyewe akicheka nao.

Kisha Katibu wa Kamati ya Tutoke akaja nyumbani kwa miguu yake. Alikuwa na masharti mawili. Kwanza, waache kazi ya wale wengine. Pili, mwishoni mwa tangazo iongezwe sentensi moja: wa kwetu wabaki kwetu, wageni warudi kwao.

Spika hakuhitaji kubembelezwa, na tusimwonee kwa kudhani alifuata pesa tu. Alikuwa mtu wa Tutoke kwa moyo wake wote. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi, na haya yaliyotundikwa chumbani ndiyo aliyopewa siku ya kuagwa. Umoja ulipofungua mipaka, mablanketi ya ng'ambo yakaingia kwa bei ya bure, kiwanda kikafungwa, na leo jengo lile ni ghala la mablanketi hayo hayo ya ng'ambo. Kila akipita pale alikuwa anageuza uso.

"Baba watoto," mkewe aliuliza, "mgeni hapa ni nani?"

"Ni hao wenye maghala."

"Haikusemwa maghala. Imesemwa wageni. Mimi nimezaliwa kule ng'ambo, nimevuka mpaka kwa sababu ya huo Umoja. Sina kibali kingine cha kukaa hapa, na unajua."

"Wewe si mgeni. Wewe ni mke wangu. Nani anakusema wewe?"

Mama yake Spika, ambaye alikuwa sebuleni akisubiri waachie chumba apate kulaza mgongo, aliingilia kwa nyuma ya blanketi. "Mwanangu, soma wakuache. Akija mtu kukufukuza atanikuta mimi mlangoni. Maneno matupu hayo, hayachubui ngozi."

Hapo mwanamke mwingine angetupa maikrofoni akatoka. Huyu alikuwa fundi wa kazi yake, na fundi ukimwambia amekosea haoni tena anajenga nini, anaona kosa. Kuambiwa amehema kulimuuma kuliko maneno yenyewe. Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kwa puani kama alivyojifunza, akaisema sentensi ile moja kwa moja bila kutetereka, laini, ya kirafiki, kama anayewakumbusha watu wafunike visima.

"Umemaliza kazi," alisema Spika, akamwonyesha dole gumba. Naye, Mungu amsamehe, alifurahi kusifiwa.

Kesho yake gari lilizunguka siku nzima. Alipokwenda dukani kununua mafuta ya kula, muuza duka, mtu wa Tutoke mpaka kwenye kofia, alimpokea kwa mikono miwili.

"Mama Spika, umewapasha. Maneno yamenyooka."

"Ahsante."

"Sasa wewe mwenyewe unaondoka lini? Kabla ya kura au unasubiri matokeo?"

Wateja wakaangua kicheko. Hakukuwa na ubaya ndani yake, ni mzaha tu wa dukani, na mwanamke yule alicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Alipofika nje ndipo akagundua chupa ya mafuta ameisahau kaunta. Akaona aibu kuirudia, akaiacha.

Njia ya nyumbani ilipita kibarazani kwa fundi cherehani. Wawili hawa walitoka upande mmoja wa mpaka, wameolewa mji mmoja, wamesimamiana kwenye uzazi. Fundi alikuwa anapiga pindo sare ya shule. Hakuusimamisha mguu kwenye pedali.

"Karibu. Nimekusikia."

"Ni kazi tu, mwenzangu."

"Najua ni kazi. Na mimi nashona sare za polisi, sijamkamata mtu." Akakata uzi kwa meno. "Lakini sijawahi kujishonea sanda mwenyewe. Mwanangu mdogo kaniuliza, mama, Mama Spika anasema turudi wapi? Nikamwambia sijui, nitamuuliza. Haya, nakuuliza. Turudi wapi?"

Mama Spika alibaki amesimama na mkoba wake mtupu.

"Pita salama," alisema fundi. Cherehani ikaendelea.

Simu ya kaka yake iliita akiwa anafua uani. Kaka yake wa ng'ambo hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo, akipiga kuna mgonjwa au kuna maiti. Akajifuta povu haraka, akaipokea.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Mama anaumwa?"

"Mama mzima." Kaka akashusha sauti. "Huku kuna sauti inazunguka kwenye simu za watu. Ya mwanamke, anasema wageni warudi kwao. Vijana wanaisikiliza sokoni, wanatukana, wanasema tazameni wenzetu wanavyotufukuza. Sasa watu wa mtaani wanasema ni wewe. Mama kagombana nao. Kasema sauti ya mwanangu mimi naijua, si hiyo. Kamwagia mtu maji."

Mama Spika alikalia ndoo iliyopinduliwa.

"Niambie si wewe, dada, nimwambie mama atulie."

Angeweza kukataa. Kwenye simu nani angejua? Lakini kaka yake alikuwa amemsikia akiongea tangu wote wawili hawana meno, na swali lenyewe lilishakuwa na jibu ndani yake.

"Ni mimi."

Kule upande wa pili alisikia kaka akishusha pumzi, kisha mlango ukafungwa, maana kaka alikuwa ametoka nje ili wasimsikie.

"Mama asijue," alisema. "Nisikilize vizuri. Hizi siku usije. Hata hiyo kura ikiwa mbaya, hata wakiwasumbua, usije kwanza. Wifi yako anauza pale sokoni, watoto wanasoma hapa. Nitakapoona mambo yametulia nitakwambia mwenyewe."

"Nikifukuzwa huku, niende wapi?"

"Sijui, dada," kaka alisema. "Kwa kweli sijui."

Spika alimkuta bado kwenye ndoo, nguo zimekauka povu. Alipoambiwa, alikaa naye pale pale chini, akamshika magoti. Alikuwa mtu mwema, hilo lieleweke. Ilimuuma kweli. Akaapa kwamba kesho yake atakwenda kwa Katibu, tangazo lile likazimwe kabla jua halijatua.

Ofisi ya Kamati ilikuwa na benchi moja na watu wengi. Alisubiri, akapitwa na waliokuja nyuma yake, kwa sababu kila mlinzi alipouliza nani anafuata wenzake walijibu kwa sauti na yeye akajibu kwa mkwaruzo. Alipoingia, Katibu alimtegea sikio kwa kiganja.

"Paza kidogo, mzee. Sikupati."

"Ile sentensi ya mwisho, mheshimiwa. Naomba iondolewe."

"Haiondoleki. Sauti tumeshainunua, na hivi ninavyosema iko kila mkoa, magari yote yanaipiga. Nikitaka kuizima nianzie wapi? Kwani ina ubaya gani? Mama ameisema vizuri kuliko hata mimi."

Na Spika, kwa kudhani kwamba mtu akijua ukweli wote atamwonea huruma, akausema ukweli wote. "Mke wangu ni wa kule, mheshimiwa. Kazaliwa kule. Ndugu zake wameisikia, wamemkataa. Na hapa watu wanamcheka."

Katibu aliweka kalamu mezani. "Mkeo ni wa kule?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mbona hukuniambia mapema?"

Spika akaona mlango wa huruma umefunguka, akaanza kuomba radhi. Katibu hakuwa anamsikiliza, alikuwa amesimama anatabasamu.

"Mzee, unajua ulichonacho nyumbani? Wenzetu wa Tubaki kila siku wanatuita wabaguzi. Sasa mtu wa kule kule, kwa mdomo wake, anasema wageni warudi. Watasema nini tena?" Akamzunguka, akamshika bega. "Jumamosi tunafunga kampeni uwanja wa mpira. Mlete jukwaani. Asihutubie, aseme sentensi ile ile tu, watu wamwone. Na mimi, hata tukitoka kwenye Umoja, nitahakikisha anapata kibali cha kudumu. Hakuna atakayemgusa. Una neno langu."

Spika alirudi nyumbani nusu anakimbia, kama mtu aliyebeba habari njema, na aliisimulia hivyo hivyo: kibali cha kudumu, hakuna atakayemgusa. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulikwenda kuizima au kuiwasha?"

Spika akainama kuvua viatu.

"Kibali cha kudumu si kitu cha kuchezea," alisema mama mkwe polepole. Yule mama wa juzi aliyesema maneno hayachubui sasa alikuwa hamtazami mkwewe machoni. "Ni sentensi moja, mwanangu. Umeshaisema mara elfu barabarani."

Binti yao alikuwa anajisomea pembeni. "Mama, usiende," alisema. "Shuleni wameanza kuniita Nusu."

"Nusu nini?"

"Nusu tu."

Mama Spika akamtazama binti yake muda mrefu, na huo ndio wakati alipokata shauri, ingawa si kama binti alivyotaka. Kule ameambiwa asije. Huku akikosa kibali ataondolewa, na mtoto atabaki na nusu iliyobaki. Atasimama wapi, katikati ya daraja la mpakani? Basi aende akaseme, ayanunue maisha yake kwa sentensi moja, iwe mwisho.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini msinipigie makofi."

Jumamosi uwanja ulifurika. Wapo waliokuja kwa sababu wamechoka kuambiwa bei ya kila kitu na watu wasiowajua, wapo waliopoteza kazi kama Spika, wapo waliofuata muziki. Vijana walikuwa wamekaa mpaka juu ya mwamba wa goli. Spika alikuwa chini ya jukwaa na mashine zake, maana kazi ya vipaza sauti vya mkutano nayo alikuwa amepewa, na honi zake nne zilielekezwa pande zote.

Katibu alisimama mbele. "Tumeitwa wabaguzi. Leo sisemi mimi. Ile sauti mnayoipenda, leo mtamwona mwenyewe. Na niwaambie kitu msichokijua: mama huyu ni wa ng'ambo ya mpaka. Msikilizeni mtu wa kule kule."

Mama Spika alipanda ngazi amevaa gauni lake la kwendea misibani, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo la heshima. Uwanja ukanyamaza kumwangalia. Wengi hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba sauti ile ina miguu. Chini yake Spika akasogeza kitufe, akaipandisha kidogo, kama alivyofanya siku zote ili wa nyuma nao wasikie.

"Wa kwetu wabaki kwetu," alisema Mama Spika. Alivuta pumzi kwa puani. "Wageni warudi kwao."

Aliisema bila kosa. Ilipita juu ya vichwa vyote ikafika ukuta wa mwisho. Halafu kukawa kimya, kimya cha watu wanaowaza, na ndani ya kimya kile mtu mmoja upande wa goli akasema, wala hakupiga kelele:

"Basi anza wewe."

Walio karibu wakacheka. Mwingine akadakia, "Anza wewe," na wa tatu, na punde uwanja mzima ukashika, kwa makofi na kwa mdundo, kama wimbo wa timu: anza wewe, anza wewe, anza wewe. Walikuwa wanamtii. Muuza duka alikuwemo, anapiga makofi na kutabasamu vile vile kama siku ya mafuta. Katibu aliinua mikono kuwatuliza, akaona umati umechangamka kuliko ulivyowahi kuchangamka kampeni nzima, akaishusha mikono taratibu.

Mama Spika hakukimbia. Alisubiri kama anavyosubiri lori lipite ili amalizie tangazo. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuguswa nayo. Akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Baba watoto," honi zote nne zikasema, "zima mashine, twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?" mtu akauliza, na kicheko kikaanza upya.

Spika akang'oa waya wa betri. Hakuzima kwa kitufe, aling'oa, cheche zikaruka. Katibu akaanza kusema kwamba mkutano haujaisha, na hapakuwa na aliyemsikia hata mstari wa kwanza. Spika alimpokea mkewe kwenye ngazi, akampitisha katikati ya watu akiwasukuma kwa bega, watu wenyewe wakiendelea kuimba kwa makoo yao matupu. Alimfungulia mlango wa gari. Aliteremsha honi, akazifunga upya paani, na kila aliyekuja kumwambia kitu alimtazama mpaka akaondoka. Hakuwahi kumpenda mwanamke yule kama dakika zile.

Walitoka uwanjani. Kibali kimekwenda, wote wawili walijua, na hakuna aliyekitaja. Walipofika barabara ya kiwanda cha zamani Spika alipunguza mwendo kwa sababu ya mashimo, na kwa mazoea akageuza uso.

"Keshokutwa," mkewe alisema, "utapiga kura gani?"

"Mama watoto, leo yamekukuta makubwa. Tuyaache."

"Mimi sipigi, sina haki. Wewe unapiga. Ndiyo nauliza."

Alibadilisha gia. Angemdanganya, na pengine angepaswa kumdanganya, lakini hakuwa mwongo.

"Unajua kile kiwanda…" alianza.

"Nimeuliza kura."

"Kutoka kwenyewe si kubaya. Ni hawa watu ndio wameharibu. Wewe si…"

"Simamisha gari."

Akasimamisha, akidhani anataka kutapika. Mkewe alifungua mlango, akashuka, akaurudisha taratibu kama mtu anayeshuka kwenye gari la watu. Akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni la misiba, akaanza kutembea kando ya barabara.

Spika alimfuata kwa gia ya kwanza. Alimwita kwa dirishani, ukatoka mkwaruzo tu, injini ikaumeza. Waliokuwa wakirudi kutoka uwanjani walianza kusimama kuwatazama. Maikrofoni ilikuwa kwenye kiti alichokiacha mkewe. Akaunganisha waya, akaishika, akaipuliza kama alivyozoea kabla ya kila tangazo, na honi zikavuma juu ya paa mpaka watu wote barabarani wakageuka, isipokuwa mkewe.

Sasa hata mkwaruzo wake ungesikika mji mzima. Alibonyeza kitufe, akakaa amekibonyeza, gari linajivuta nyuma ya mkewe, akitafuta la kusema, mtu ambaye maisha yake yote maneno alikuwa akiletewa na wenzake.